Notisi ya rufaa haimzuii mtu kuchuma karafuu

Mdogo wangu wa Mtambile, nimekusoma. Umeshindwa Mahkama Kuu kwenye kesi ya shamba la mikarafuu, ukapeleka notisi ya rufaa, ukarudi nyumbani kulala usingizi. Sasa aliyekushinda anatafuta wachumaji, nawe unataka kupanda gari kwenda Chake ukamwombe jaji yule yule amzuie. Nauli hiyo kanunulie samaki hapo hapo Mtambile.

Notisi ikishapokelewa, shauri limehamia Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Jaji aliyekuhukumu hawezi tena kuipitia hukumu yake wala kuisimamisha kwa huruma. Hilo liliamuliwa zamani, kwenye kesi ya Aero Helicopter iliyoripotiwa mwaka 1990. Hata mkikubaliana wewe na mwenzio kwamba jaji aendelee tu, makubaliano yenu hayampi mamlaka.

Linalowaponza wengi ni machache yanayobaki mkononi mwake. Kibali cha kukata rufaa, pale sheria inapokitaka, bado anatoa. Na hukumu bado anaikaza! Mwenzio akirudi kwake kuomba akabidhiwe shamba, atakabidhiwa, maana rufaa peke yake haisimamishi kitu. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahkama ya Rufani za 2009 imelisema wazi. Utaniona sina huruma, lakini naona ni haki: ingekuwa notisi inatosha, kila aliyeshindwa angeiandika ili avune misimu miwili ya bure.

Ukishaletewa taarifa ya kukaza hukumu, au ukajua kwa njia nyingine kwamba imeombwa, una siku 14 za kupeleka ombi la kuisimamisha huko huko Rufani. Ambatisha notisi yako ya rufaa, hukumu, tuzo na hiyo taarifa, utoe na dhamana. Kwenye sehemu ya hasara utakayopata, usiandike "nitaumia sana". Karafuu zikishauzwa kwa shirika la ZSTC, thamani yake inajulikana na unaweza kulipwa. Mkarafuu uliokatwa je? Mche wa kuufidia utakaa miaka kabla haujazaa. Hilo ndilo la kuandika.

Kama shauri lenu ni mirathi iliyoanzia kwa Kadhi, njia si hii. Mashauri hayo huishia Mahkama Kuu ya Zanzibar.

Wala usimsubiri kaka arudi kutoka Muscat ndio mtafute wakili. Kwanza nijibu: karatasi ya kukaza hukumu umeipokea tarehe ngapi?