Haki ya Nafsi Yako Juu Yako



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila yanapotoka matokeo ya mtihani, yawe ya shule au ya madrasa, tunawasikia vijana wetu hapa Lushoto wakisema, "Mimi ni mbumbumbu tu." Mwingine huona haya kusoma mbele ya wenzake kwa kuwa ulimi wake ni mzito katika makharij. Anakaa nyuma, anakaa kimya, na mwisho haji tena. Kwa sababu hiyo tumeona tujifunze namna ya kuihurumia nafsi.

1. Thamani yako imetoka wapi?

Katika Suratul Israa aya ya 70, Allah ametufahamisha kwamba amewatukuza wanadamu. Utukufu huo hukupewa na mwalimu, wala hauondoki ukishika nafasi ya mwisho darasani. Alama hupima ulichojibu siku ile. Hazikupimi wewe.

2. Chunga unavyojisema

Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza kuitana kwa majina mabaya. Basi jina ambalo ni haramu kumwita mwenzio, utajiitaje wewe mwenyewe? Katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkataza Muislamu kusema kwamba nafsi yake imekuwa khabithi, akamwelekeza kwenye neno jepesi kuliko hilo. Basi usiseme "sina akili." Sema "sura hii bado sijaihifadhi." Neno la kwanza linafunga mlango, la pili linakuonyesha kazi iliyobaki.

3. Ipe nafsi haki yake

Sahaba Abu Dardaa (r.a.) alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Ndugu yake Salman al-Farisi (r.a.) alipomtembelea, alimtaka ale pamoja naye, na usiku akamtaka alale kwanza. Alimkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Kulala, kula na kupumzika ni katika haki hizo.

4. Kuihurumia si kuidekeza

Asidhani mtu kwamba tunafundisha uvivu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayesoma Qur'an kwa kukwamakwama, na huku inamtaabisha, ana ujira mara mbili. Lakini ujira huo ni wa anayesoma, si wa aliyefunga msahafu. Mkulima wa Mlalo akikuta mvua imebomoa tuta lake mteremkoni, halitukani shamba wala halihami. Hushika jembe akalijenga tena. Na toba ndivyo ilivyo: unakiri kosa, unajuta, unaliacha, unaazimia kutolirudia, na kama ulichukua haki ya mtu unairudisha. Kujitukana hakumo katika masharti yake.

5. Huzuni isiyoondoka

Wazazi wetu, mtoto akikosa usingizi, akiacha kula, akijitenga wiki baada ya wiki, au akisema hataki kuishi, msimwambie imani yake ni dhaifu. Msikilizeni, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali upesi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Katika milima yetu hii ya Usambara, upande wa Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi, inayojulikana kwa kutibu maradhi ya akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Dua na dawa havigombani.

Maswali ya kujipima

(a) Taja haki tatu alizokumbushwa Abu Dardaa.
(b) Kuna tofauti gani kati ya kutubu na kujitukana?
(c) Andika neno moja baya ulilozoea kujiita, ulifute, na uandike la kweli badala yake.

Tunamuomba Allah azitulize nyoyo zetu na za watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.