Kuipima Sekondari ya Serikali

Swali: Bwana Mhariri, mwanangu anamaliza darasa la saba hapa Ipinda, Kyela; nitaitambuaje sekondari njema ya serikali?

Jibu: Ndugu mzazi, matokeo ya kidato cha nne yatangazwayo na Baraza la Mitihani ni ushahidi muhimu, walakini usiridhike na idadi ya waliopata daraja la kwanza, bali tazama, kwa miaka mitatu mfululizo, wangapi walipata sifuri, kwani hao ndio walioachwa nyuma. Ada imefutwa tangu 2016, lakini walimu wa hisabati na sayansi wangali adimu. Basi nenda ukaulize ni nani afundishaye fizikia, ukayafunue na madaftari kuona kama husahihishwa. Tena usighafilike na njia: mito ya Kyela ifurikapo wakati wa masika, shule ya mbali, ijapokuwa na sifa, humkosesha mtoto masomo; nami kwa binti ningetafuta penye bweni.