Ubovu wa Viungo vya Chuma Vilivyochomelewa

Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari hizi, maana tangi la maji au kiungo cha tela chaweza kupendeza machoni, kumbe ni kibovu.

Kwanza mavi ya chuma yagongwe yaondoke, kisha mshono usuguliwe kwa brashi ya waya. Fundi apakaye rangi kabla ya kukuonyesha kazi yake, mtilie shaka. Vitundu kama vya sindano huletwa na kutu, mafuta, au vijiti vya kuchomelea vilivyopata unyevu. Kifereji kando ya mshono mara nyingi ni dalili ya umeme kuzidi. Hapo chuma kimeliwa. Mshono uliovimba kama kamba iliyolazwa juu huenda haukushikamana, kwa umeme kupungua.

Lakini ubaya mkuu ni ufa, ujapokuwa mwembamba kama unywele, kwa kuwa huzidi kukua kila mzigo uvutwapo. Chuma kigumu kikipoa upesi hupasuka hivyo. Ufa haufunikwi kwa kuchomelea juu yake. Sharti uchimbwe wote, ndipo kiungo kichomelewe upya.

Tangi hujaribiwa hivi: mshono upakwe chokaa kwa ndani, ikauke, kwa nje upakwe mafuta ya taa. Penye doa katika chokaa pana tundu.