Kuufundisha Mwili Kupokea Kiungo Kigeni

Mwanafunzi wa baiolojia hufunzwa mapema kwamba mwili hujilinda dhidi ya vijidudu. Lakini ulinzi huo huo ni kikwazo kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo ya mtu mwingine. Makala haya yaeleza chanzo cha kikwazo hicho, na njia inayotafutwa ya kukiondoa.

Kwa nini mwili hukataa?

Kila seli hubeba juu ya utando wake protini zinazoitambulisha. Limfosaiti T, aina ya chembe nyeupe za damu, huzikagua protini hizo. Zikikuta za kigeni hushambulia, bila kutofautisha kijidudu kiletacho maradhi na figo iletayo uhai. Ndiyo maana upandikizaji wa figo uliofanikiwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1954, ulikuwa baina ya mapacha wa kufanana: protini zao zilikuwa zile zile.

Wagonjwa wengine hulazimika kumeza dawa za kupunguza kinga kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa hizo huilinda figo, lakini hudhoofisha kinga yote. Maambukizo huwa rahisi na hatari ya saratani huongezeka. Ni kama kuwafukuza walinzi wote wa mji ili mgeni mmoja apate kuingia.

Uvumilivu waweza kufunzwa

Mwaka 1953, Peter Medawar, Rupert Billingham na Leslie Brent, huko Uingereza, waliwadunga panya waliokuwa bado tumboni mwa mama zao seli za panya wa nasaba nyingine. Baadhi ya panya hao walipokua walipachikwa ngozi ya nasaba ile, nayo ikadumu. Basi uvumilivu si wa kurithi tu. Lakini mgonjwa mzima hawezi kurudishwa tumboni. Ilibidi itafutwe njia nyingine.

Limfosaiti dhibiti

Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani aliondoa kundi dogo katika limfosaiti T za panya, kisha akawapa zilizobaki panya wasiokuwa na limfosaiti hizo. Miili yao ikaanza kujishambulia. Kundi lile liliporudishwa mapema, maradhi hayakutokea. Kumbe miongoni mwa walinzi wamo wanaowatuliza wenzao. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, nchini Marekani, walitambua jeni FOXP3, ambayo baadaye ilithibitika kuongoza ukuaji wa seli hizo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Leo watafiti huchukua damu ya mgonjwa, hutenga limfosaiti dhibiti, huzizidisha maabarani, kisha humrudishia. Majaribio ya awali kwa waliopandikizwa figo, yaliyotangazwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba jambo hili lawezekana, na baadhi ya wagonjwa walipunguziwa dawa. Hata hivyo, bado si tiba ya kawaida: seli hizo ni chache, kuzizalisha ni ghali, na baadhi huweza kupoteza tabia ya utulizaji.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Kwa hiyo suala la dawa za kila siku ni letu pia.

Maswali

1. Kwa nini figo ya pacha wa kufanana haikataliwi?

2. Eleza tofauti kati ya kudhoofisha kinga na kuifundisha uvumilivu.

3. Katika jaribio la mwaka 1995, kwa nini ilikuwa lazima kundi lililoondolewa lirudishwe kwa panya wengine?