Ajali haichagui, mbona matibabu yanachagua?

Gari likipinduka halimuulizi abiria ana kazi gani wala ana akiba kiasi gani. Tajiri na masikini huvunjika mifupa ile ile na damu yao hutoka kwa kasi ile ile. Tofauti huanza vumbi likishatulia. Mmoja atafika kwa daktari wa upasuaji baada ya saa moja, mwingine baada ya siku tatu, na mwingine hatafika kabisa. Tukitoka makaburini tunasema, "siku yake ilifika". Hakuna anayepinga hilo. Lakini maneno hayo yasitumike kufunika swali la msingi: baina ya ajali na kaburi, yule mtu alikuwa akisubiri nini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19. Katika kila vifo 100, 92 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2015, tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la The Lancet ilieleza kuwa watu bilioni 5 hawana uhakika wa kupata upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu. Tume hiyo ilizungumzia ucheleweshaji wa aina tatu. Tuutazame kwa macho ya hapa kwetu.

Kwanza, kuchelewa kuamua. Familia inajua kuwa mguu umevunjika, lakini inajiuliza fedha zitatoka wapi. Hivyo majeruhi anapelekwa kwanza kwa mganga wa mifupa wa mtaani. Hapo tatizo mara nyingi si ujinga, ni mfuko.

Pili, kuchelewa kufika. Gari la wagonjwa halionekani, majeruhi anakunjwa ndani ya bajaji. Wanaombeba wana moyo wa huruma, ila hakuna aliyewafundisha kugandamiza kidonda kinachovuja damu kwa kitambaa safi bila kuachia, au kuufunga mguu kwenye ubao kabla ya kumnyanyua.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu zaidi, ni kufika hospitali na kusubiri mlangoni. Inaulizwa PF3, inaulizwa fedha ya kuanzia, wanaulizwa ndugu wa kutoa damu. PF3 ni fomu ya polisi kwa ajili ya ushahidi. Inaweza kumfuata mgonjwa wodini. Damu inayomwagika haisubiri. Na mwenye ukoo mkubwa mjini atapata wa kumchangia, lakini kijana aliyekuja peke yake kutoka mkoani kutafuta maisha atachangiwa na nani?

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Akifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, huweza kuanza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Akikosa, atalala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, huku pikipiki ya mkataba imechukuliwa na mwenyewe na watoto wamekosa ada. Wala si kila mara kikwazo ni mitambo ya mamilioni. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa vyuma vinavyowekwa bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) imevitumia.

Mei 2017, basi dogo la shule lilitumbukia bondeni Karatu na kuua zaidi ya watu 30, wengi wao wanafunzi. Watoto 3 walionusurika walisafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, Iowa, na Agosti mwaka huo wakarudi nyumbani. Lilikuwa jambo jema, na kila mzazi alifurahi. Lakini ndege ile ilitufundisha pia kuwa viungo vilivyovunjika vibaya vinatibika. Je, majeruhi wasiopata ndege wana kosa gani?

Nini kifanyike? Kwa upande wa serikali, tiba ya dharura itangulie malipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria zote hizi ni kimoja: majeruhi asiye na kadi wala senti anapokelewaje saa nane usiku?

Pia hospitali za wilaya ziwezeshwe. Tume ya 2015 ilitaja operesheni tatu za kuipimia hospitali: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kupasua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Wilaya isiyoweza hayo inawasafirisha wagonjwa wake, na wengine hufia njiani.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tuchangie damu kabla hatujaombwa na ndugu, ili benki ya damu imfae hata asiye na ndugu. Vijiwe vya bodaboda vitafute mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa kuwa madereva hao ndio hufika mwanzo. Na tuwaulize wabunge na madiwani wetu kuhusu chumba cha upasuaji cha wilaya, kama tunavyowauliza kuhusu barabara. Barabara bila chumba hicho ni nusu ya kazi.