"Nyota Mpya" Isiyo Mpya: Istilahi za Nova ya Mwaka 1975

Nova ni neno la Kilatini lenye maana ya "mpya". Kwa hiyo kishawishi cha kulitafsiri "nyota mpya" ni kikubwa. Tafsiri hiyo inapotosha. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. (Jukwaa hilohilo lilikuwa limerusha setilaiti Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo Kiswahili kilipoingia katika msamiati wa wanafalaki.) Tarehe 3 Agosti 1975 Ariel V iligundua katika kundi la Monoceros chanzo cha eksirei ambacho, baada ya siku chache, kilivishinda vyanzo vyote vilivyo nje ya mfumo wa Jua. Picha za kale za Harvard zilidhihirisha kuwa nyota hiyohiyo, V616 Monocerotis, ilikwisha kulipuka mwaka 1917. Upya uko wapi?

Tatizo la pili ni la kitenzi. Baada ya miezi kama kumi na mitano mng'ao ulirudi chini ulikokuwa. Je, nyota ilizimika au ilififia? Katika baridi ya Ikonda, wilayani Makete, mtu aliyekaa kando ya jiko anaijua tofauti hiyo: wekundu wa makaa umetoweka, lakini kiganja bado kinapata joto. Joto hilo ni mionzi ya infraredi. Makaa hayo yamefifia, hayajazimika.

Mfano huu una mpaka wake. Infraredi ya V616 si masalio ya mlipuko. Sehemu yake kubwa hutoka kwa nyota ya rangi ya chungwa, isiyo na joto kali, inayozunguka mwenzi asiyeonekana kila baada ya saa 7.75. Mvuto wa mwenzi huyo umeivuta ikawa na umbo la yai, hivyo mng'ao wake hupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Kiasi cha badiliko hilo husaidia kukadiria mwinamo wa njia yake, na kwa mwinamo huo uzito wa mwenzi hukokotolewa. Mwaka 1986 McClintock na Remillard walionyesha kuwa unazidi Jua mara tatu. Uchunguzi wa mwaka 2010 uliukadiria kuwa mara 6.6. Mwenzi huyo ni shimo jeusi, na vipimo hivyo vyote vilipatikana wakati ambao "kuzimika" kungesema hapana kitu cha kupimwa.