Somo la Biblia: Mnyweshaji Alimsahau Yusufu

Masomo: Mwanzo 39:11-23, 40:9-23, 41:1, 9-14

Habari za Yusufu tunazijua tangu Shule ya Jumapili. Mke wa Potifa alimsingizia, na hatusomi popote kwamba Potifa alimwuliza mtu mwingine yeyote kabla ya kumtia gerezani. Lakini leo tumtazame mnyweshaji. Yeye hakumsingizia Yusufu. Alifunguliwa, akarudi kazini, akasahau. Kusahau huko kulimgharimu Yusufu miaka miwili mizima.

Mambo haya hayakuishia Misri. Mwaka 1985, katika jimbo la Alabama, Marekani, alikamatwa mtu mweusi wa miaka 29 aitwaye Anthony Ray Hinton. Mameneja wawili wa mikahawa walikuwa wameuawa kwa risasi. Wa tatu alipigwa risasi akapona, akasema aliyempiga ni Hinton. Kumbe saa ile Hinton alikuwa kazini usiku, ndani ya ghala lililofungwa na lenye mlinzi, umbali wa maili 15 hivi.

Kesi ikasimama juu ya bastola ya zamani iliyochukuliwa nyumbani kwa mama yake. Wataalamu wa serikali walisema risasi zimetoka humo. Wakili aliyepewa na mahakama alidhani anaruhusiwa dola 1,000 tu kumlipa mtaalamu wa kuwajibu, wala hakuchunguza sheria, ambayo iliruhusu zaidi. Akapata mtu mwenye jicho moja, aliyepata shida kutumia hadubini, naye akadhihakiwa mbele ya mahakama. Mwaka 1986 Hinton akahukumiwa kifo. Maskini akishtakiwa, ndugu zangu, huanza kesi akiwa nusu ameshindwa.

Mwaka 2002 wataalamu watatu walieleza kwamba risasi zile haziwezi kuhusishwa na bastola ile. Ungefikiri alifunguliwa siku hiyohiyo. Hapana. Mwaka huohuo mama yake alifariki bila kumwona nyumbani. Wakili Bryan Stevenson na wenzake waliendelea kubisha hodi mpaka mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema kwamba wakili wa kwanza hakumtetea ipasavyo. Hinton alitoka tarehe 3 Aprili 2015, siku ya Ijumaa Kuu, baada ya karibu miaka 30. Miaka yote hiyo rafiki yake wa utotoni hakuacha kwenda kumtembelea. Hakuwa mwanasheria. Alikwenda tu.

Nami niseme la kwangu, maana wengine mnalijua. Miaka iliyopita kijana wa kwaya yetu alikamatwa kwa kuiba mahindi ya mgao. Jioni ya wizi alikuwa mbele yangu, tukifanya mazoezi ya nyimbo. Nilijua. Nikangoja niitwe, nikijiambia kwamba mkimbizi asijitie katika mambo ya polisi, tena nina watoto. Sikuitwa. Alikaa mahabusu miezi minne, mpaka mama mmoja mjane, asiyejua kusoma, alipokwenda mwenyewe kusema alichokiona. Kijana alitoka. Nilimwomba msamaha naye akanipa mkono, lakini kwenye kwaya hajarudi.

Kwa hiyo nikisoma Mwanzo 41:9, mahali mnyweshaji anapoyakumbuka makosa yake mbele ya Farao, sisomi habari za mtu mwingine.

Vikundi vya nyumbani vikikutana Jumatano, jadilianeni: kwa nini ilihitajika ndoto ya mfalme ndipo mnyweshaji aseme? Tunaogopa nini tunapojua ukweli wa jirani, hasa jirani wa kabila lingine? Someni pia Kumbukumbu la Torati 19:15-19, mwone waamuzi wanaagizwa kufanya nini kabla ya kumwadhibu mtu. Msiharakishe swali la pili.

Jumamosi tutakwenda kuwatembelea walioko mahabusu. Tukutane kanisani saa mbili asubuhi. Mwenye kipande cha sabuni akilete.